Fremu Sita za Bohari Kuukuu

Historia ya utapeli wa Dar es Salaam ikija kuandikwa kwa haki, itabidi ikiri kwamba dili kubwa kuliko yote aliyowahi kuyabuni Melkiori lilianza kwa kubanwa na mkojo. Vyoo vya Kariakoo ni vya kulipia, na Melkiori, mtu mwenye msimamo, hakuwa na tabia ya kulipia kitu ambacho angeweza kukipata bure. Akateremka mtaa wa Gerezani, akafuata ukuta mrefu wa matofali, akaona pengo, akaingia.

Alipomaliza shughuli yake akainua macho, akajikuta yuko ndani ya bohari ya zamani ya mizigo ya reli. Watu wa Gerezani huiita Bohari Kuukuu, na wengi wao hawajawahi kuikanyaga kwa sababu humo hakuna kinachouzwa. Mabati ya paa yalikuwa yametoboka, reli zimefunikwa na majani, na katikati kulikuwa na jukwaa refu la zege ambako zamani makuli walishushia magunia kutoka kwenye mabehewa. Kando ya jukwaa hilo yalikuwa yamejipanga magari sita ya kubebea vifurushi, matako yote yameelekezwa jukwaani. Enzi zake yalikuwa yakizunguka maduka ya mjini, yakikusanya mizigo na kuileta hapa ipande treni kwenda bara. Sasa matairi yalikuwa yamezama ardhini, injini zilishang'olewa na wasamaria wasiojulikana, na kwenye kiti cha dereva wa gari la mwisho kuku alikuwa anaatamia.

Mtu mwingine angeona chuma chakavu. Melkiori aliona mlango wa nyuma wa kila gari, shata la bati la kusukuma juu, sawasawa na shata la duka. Akapanda jukwaani akatembea polepole mwanzo hadi mwisho. Mashata sita, yote yanatazama jukwaa, na jukwaa lenyewe lina upana wa kutosha wateja kupishana bila kukanyagana. Hapohapo yale magari yakaacha kuwa magari. Yakawa fremu.

Kariakoo, kwa faida ya wale waliojaliwa kutofika, ni mahali ambapo watu hukodisha ngazi, hukodisha chini ya ngazi, na hukodisha ukuta wa kutundikia sidiria. Fremu ya duka ikipatikana, kabla hujafika kwenye kodi kuna kilemba, yaani hela ya kumshukuru anayekupisha mlangoni, na watu wazima wenye akili zao timamu huuza viwanja vya urithi ili walipe hicho kilemba. Mji wa namna hiyo hauhitaji tapeli mwenye kipaji. Unahitaji tapeli mwenye futi kamba, na Melkiori alikuwa nayo mfukoni.

Lakini tusimwonee. Melkiori naye alikuwa na kidonda hichohicho. Tangu alipoteremka kutoka Rombo alikuwa ameuza fremu nyingi za watu, zilizopo na zisizokuwepo, na yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na mlango hata mmoja wa kufungua asubuhi. Kigamboni, ng'ambo ya kivuko cha Magogoni, palikuwa na fremu ya kona ambayo mwenye nayo alimpa hadi Ijumaa jioni alete kilemba, la sivyo inakwenda kwa mtu mwingine. Akiba yake ya miaka yote ya jasho, jasho la wengine lakini jasho, ilitosha nusu. Alitaka kuamka, kufungua shata lake, kufagia kibaraza chake na kumwambia mtu "karibu" bila kukusudia kumwibia. 

"Wewe! Unatafuta nini humo?"

Alikuwa mlinzi, mzee mwembamba aitwaye Athanas, ameshika rungu ambalo lilionekana kumlemea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza unatafuta nini."

"Magari, mzee wangu. Mimi napenda sana magari ya zamani. Haya hapa unayaona? Mali hii! Na wewe ndiye umeyatunza mpaka leo?"

Athanas alikuwa hajawahi kusifiwa kwa kazi ya kukaa. Rungu likateremka. Kuanzia kesho yake Melkiori alikuja kila asubuhi na chapati mbili na chai ya maziwa, akasikiliza habari za magari, akayapima kwa futi kamba, akaondoka. Athanas aliamua kwamba huyu ni kichaa mpole, akazidi kula chapati.

Dili lilifunguliwa rasmi Jumanne, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Abdulhadi. Familia ya Abdulhadi ilikuja kutoka Hadhramaut enzi za babu wa babu yake, na tangu hapo haijawahi kuacha kiti cha nyuma ya kaunta kipoe. Kibarazani kwake alikuwa amempangisha Zamzam, mwanamke wa hapahapa Kariakoo, muuza madera, mwenye sauti ya kumsimamisha mpita njia aliyeko mtaa wa pili. Zamzam alilipia kibaraza. Alilipia na kivuli cha kibaraza. Mwezi huo Abdulhadi alikuwa ameanza kumlipisha na misumari ya kutundikia madera, kwa hoja kwamba ukuta nao unachoka.

Melkiori aliingia amevaa kizibao cha njano kinachong'aa, kofia ngumu kwapani. Alihakikisha ni asubuhi sana, kwa sababu kila mfanyabiashara anajua kwamba mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu, siku nzima imeingia mkosi. Melkiori alikuwa mteja wa kwanza wa kila duka alilowahi kuingia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Tukupe nini?"

"Kufuli sita. Zile kubwa za shata."

Abdulhadi akataja bei. Melkiori akaguna, akaanza kugeuka. Abdulhadi akashusha. Melkiori akafika mlangoni. Abdulhadi, roho ikimtoka, akamuuzia kwa bei ya hasara ili tu afungue siku, halafu akataka angalau afaidi umbea.

"Kufuli sita, mwanangu? Una maduka sita?"

"Mzee, hayo mambo nimekatazwa kuyaongea."

"Na nani?"

Melkiori akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama kwenye kaunta. "Fremu mpya. Pale reli kwa nyuma, bohari ya zamani. Treni ya umeme imeleta watu, mzee, wanashuka na hela zao, wanatafuta pa kununua. Ila tumeambiwa zisiende kwa watu wa Kariakoo."

Abdulhadi alijiona ametukaniwa ukoo mzima. "Kwa nini zisije kwetu?"

"Wanasema mtu wa Kariakoo ukimpa moja, atataka zote."

"Huo ni uzushi! Ni chuki tu!" Abdulhadi akapiga kaunta. Akashusha sauti. "Umesema ziko ngapi?"

"Sita."

"Nazitaka zote."

"Na mimi je?" sauti ikatokea nje. Zamzam alikuwa amesimama kizingitini, dera begani. "Kaka, na mimi nimesikia. Ukimpa huyu ami yangu zote sita, kesho atakuja kunipangisha mimi msumari hukohuko."

Melkiori aliwatazama wote wawili kwa huzuni ya mtu anayelazimishwa kutenda wema. Akasema haya, yeye atawaonyesha tu, lakini wasimponze.

Mchana wakaenda. Melkiori alikuwa amemwambia Athanas kwamba anakuja na wageni wanaopenda historia, na Athanas aliipokea kazi hiyo kwa moyo wote. Akawaeleza jinsi gari la kwanza lilivyokuwa likibeba khanga kutoka kwa wauzaji wa jumla, jinsi la tatu lilivyowahi kusafirisha kinanda cha kanisa mpaka Tabora, na jinsi madereva walivyokuwa wakivaa kaptula zilizopigwa pasi. Abdulhadi hakusikia neno. Alikuwa anagonga mbavu za magari kwa vidole na kunusa mbao za ndani.

"Mzee anasema hapa biashara ipo tangu zamani," Melkiori alitafsiri, ingawa wote walikuwa wanaongea Kiswahili.

"Hii ya mwisho ina kuku," alisema Abdulhadi.

"Huyo tutamhamisha."

"Nitamchukua pamoja na fremu. Asipungue."

Zamzam hakugonga kitu. Alitembea jukwaa lote akiangalia juu, mpaka akakuta gari lililokaa chini ya bati pekee lisilotoboka, akaegemea shata lake. "Mimi hii," akasema. Abdulhadi alipogundua kwamba ndiyo fremu pekee ambayo mvua ikinyesha haivuji, alitangaza kwamba aliitaka hiyo tangu alipokuwa nyumbani. Wakagombana kwa staha, ami huku, binti yangu kule, na kila walipogombana Melkiori alikuwa akikunakuna kichwa na kupandisha kilemba. Mwishowe Zamzam akapata moja na Abdulhadi tano na kuku.

Abdulhadi alilipa jioni ileile. Zamzam aliomba mpaka kesho, akauza bangili zake mbili na kuwabembeleza wenzake wa mchezo wa kuchangiana hela wampe zamu yake mapema. Alileta hela zimefungwa kwenye kitambaa cha kichwa, zina joto la kifua.

"Kaka, hii ndiyo yangu yote," alimwambia. "Mimi nimechoka kukaa kibarazani kwa mtu. Nataka mlango wangu."

Melkiori akaona haya. Aliona haya kwa muda wote aliokuwa akizihesabu.

"Ufunguzi Jumatatu, dada yangu," akasema. "Kabla ya hapo msikanyage. Mafundi umeme wako kazini."

Hapa ndipo Melkiori alipokosea, na ni kosa ambalo mtu aliyezaliwa Kariakoo asingelifanya. Yeye alidhani mtu akiambiwa Jumatatu atangoja Jumatatu. Mtu wa Kariakoo akishalipia mlango hawezi kulala hajaufungua. Akishatoa hela usiku, alfajiri yuko pale na ufagio, na kufikia saa nne ameshapigilia rafu. Alhamisi asubuhi, wakati Melkiori anapanga nguo zake kwenye begi, Zamzam alikuwa ameshafika Bohari Kuukuu na ndoo ya maji.

"Binti," Athanas alimuuliza, "unafagia gari la nani?"

Zamzam akamjibu. Athanas akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona uso wa Zamzam, akaanza kumweleza taratibu kila anachokijua kuhusu yale magari. Zamzam aliegemea shata, machozi yakamtoka kwa hasira, akayafuta kwa upindo wa dera. Halafu akaenda kumchukua Abdulhadi.

Abdulhadi aliposikia aliomba maji. Alikunywa, akaomba mengine. Alitaka waende kuripoti, lakini kila walipojaribu kueleza wanamripoti nani, walikuta wana jina moja la ubatizo, namba moja ya simu, na kizibao cha njano. Tena ingebidi aeleze mbele ya watu jinsi yeye, Abdulhadi, alivyoingizwa mjini akiwa mjini.

"Ami," alisema Zamzam, "yule mtu hatukumvuta, alikuja mwenyewe. Basi na arudi mwenyewe."

Ijumaa mchana Melkiori alikuwa Magogoni, kwenye foleni ya pantoni, begi limekumbatiwa kifuani. Ndani ya begi kulikuwa na akiba yake yote na vilemba vya fremu sita. Alikuwa ameichagua Kigamboni kwa hekima, maana mtu wa Kariakoo havuki kivuko ila kwa harusi. Laini ya simu alikusudia kuitupa majini katikati ya safari, kwa sherehe kidogo. Simu ikaita kabla hajapanda.

Alitaka kuikata. Lakini msanii hupenda kusikia makofi, naye alitaka kujua kama wameshagundua, na kama wamegundua, wanalia kwa mtindo gani. Akapokea.

"Kaka!" Zamzam alikuwa analia kweli. "Kaka yangu, Mungu akupe maisha marefu! Nisamehe, mimi moyoni nilikuwa nasema huyu tapeli!"

Melkiori alipepesa macho. "Kuna nini, dada?"

"Nimefika hapa bohari nimekuta X. Magari yote! Kubwa hivi!"

Nyuma yake watu walianza kusogea kuelekea pantoni. Melkiori hakusogea. Hakuna mkazi wa Dar asiyeijua alama ya X. Ukiikuta kwenye ukuta wako ujue mradi unapita, barabara au reli, na nyumba yako inakwenda chini. Lakini X ziko za aina mbili, na tofauti yake ni kati ya kilio na vigelegele.

"X ya rangi gani?" akauliza.

"Kijani."

Nyekundu unavunjiwa unaondoka. Kijani unavunjiwa unalipwa. Melkiori alifunga macho, akaona meza ndefu, maofisa wamekaa, na watu wamepanga foleni wakiitwa majina yao kupokea fidia kwa biashara iliyoharibiwa. Fremu sita za biashara, kando kabisa ya reli. Na mwenye fremu hizo si yeye. Alikuwa ameziuza kwa hela ya kula.

"Dada, msifanye chochote," akasema. "Msiongee na mtu. Nakuja."

Pantoni likaondoka.

Alifika Bohari Kuukuu anatweta. Zilikuwepo. X sita za kijani kibichi, moja kwenye kila shata, zimepigwa kwa mkono usio na wasiwasi. Aligusa moja kwa kidole, ikamwachia rangi. Mbichi kabisa, wamepita leo leo, akajisemea. Abdulhadi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jukwaa na uso wa msiba, kazi ambayo haikumpa shida kwa kuwa alikuwa bado anazikumbuka hela zake.

Melkiori akavaa sura ya mtu aliyekesha akisali.

"Mzee wangu, dada yangu. Nimeshindwa kulala. Dhamira inanisuta. Hizi fremu hazifai. Paa linavuja, umeme umegoma, na sasa hizi X, hii ni balaa, watawavunjia vitu vyenu. Nimekuja kuwarudishia hela zenu. Zote."

"Zote?" alisema Abdulhadi.

"Zote, mzee. Mimi sili hela ya mtu."

Kwa muda mfupi watu watatu walisimama pale wakitazamana kwa heshima kubwa, kila mmoja akijitahidi asicheke.

"Mwanangu una imani," alisema Abdulhadi. "Ila mimi nimeshaagiza mzigo wa kuweka humu. Nimesumbuka. Na kuku nimeshamzoea."

"Nitakuongezea ya usumbufu."

"Kwa fremu tano, usumbufu ni mara tano."

Wakavutana mpaka adhana ya alasiri. Abdulhadi alirudishiwa hela zake na nyongeza nono, akaziweka ndani ya kanzu, akazihesabu tena humohumo kwa vidole. Ikabaki fremu ya Zamzam.

"Mimi siuzi," alisema Zamzam.

"Dada yangu, watakuvunjia!"

"Wanivunjie. Si mlango wangu?"

"Nakupa mara mbili."

"Kaka, we si umesema balaa? Balaa unalipia mara mbili?"

"Ni kwa ajili ya roho yangu," alisema Melkiori.

"Roho yako ni ya bei gani?"

Akampa mara tatu. Zamzam akachukua ufagio, akaanza kufagia mbele ya shata lake akiimba taarabu kwa sauti ya chini. Akampa mara nne. Zamzam akamwomba asogee, amesimama kwenye taka. Melkiori aliwaza kumwachia, maana tano nazo si haba, lakini picha ya Zamzam kwenye foleni ya fidia, akiitwa jina, ilimchoma kuliko kisu. Alikuwa tapeli, lakini zaidi ya hapo alikuwa mtu wa Kariakoo kwa miaka mingi, na alishashikwa na ugonjwa wa pale. Alizitaka zote.

Saa kumi na moja begi lilikuwa tupu. Vilemba vilikuwa vimeondoka, na akiba ya miaka yote, ile ya kona ya Kigamboni, ilikuwa imelala kwenye kitambaa cha kichwa cha Zamzam. Kwa kuwa mji umejaa matapeli, Melkiori alisisitiza mambo yafanyike kisheria. Wakaenda kwa mjumbe wa shina, wakaandikiana kwamba magari yote sita yaliyoko Bohari Kuukuu, na chochote kinachotokana nayo, ni mali ya Melkiori peke yake. Zamzam akaomba yaongezwe maneno "kwa heri na kwa shari." Melkiori aliona ni maneno mazuri, ya kidini, akatia saini kwa mara ya kwanza maishani kwa jina lake halisi.

Kuhusu rangi ya kijani, hakuna siri. Ilitoka dukani kwa Abdulhadi, na brashi alishika Zamzam. Hakuna aliyemwambia Melkiori kwamba serikali imefika, wala kwamba kuna fidia hata ya shilingi. Waliona tu magari yamepauka wakayarembesha. Abdulhadi, ambaye siku hiyo alikuwa ameokolewa kutoka kwenye aibu na kuongezewa faida juu yake, alimdai Zamzam nusu ya bei ya kopo.

Usiku huo Melkiori alilala kwenye gari la mwisho, na kuku. Mwenye fremu ya Kigamboni alimpigia simu, akamwambia muda umekwisha. "Mpe mwingine," Melkiori akajibu kwa dharau. "Mimi nitanunua jengo."

Jumamosi asubuhi geti la Bohari Kuukuu likafunguliwa kutoka nje, na safari hii vizibao vya njano vilikuwa vya kweli. Liliingia gari la winchi, likafuatiwa na mama mmoja wa ofisi ya reli mwenye kofia ngumu nyeupe na mwendo wa mtu asiye na muda. Melkiori alikuwa amenawa uso na kunyoosha shati kwa viganja. Mkataba ulikuwa mfukoni, umekunjwa mara moja tu ili usichakae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee Athanas, bado tu hajapatikana mwenye haya magari?"

Athanas akaangalia mawingu. "Amepatikana, mama. Ndiye huyu."

"Wewe?" Yule mama akamgeukia. "Haya magari ni yako?"

"Yangu, mama," alisema Melkiori, na machozi ya furaha yakamlengalenga.

"Yote sita?"

"Yote sita. Peke yangu. Mkataba huu hapa, mjumbe ameshuhudia, mihuri ipo."

Yule mama akausoma mkataba wote, mpaka kwenye heri na shari. Kisha akampa Melkiori mkono, akautikisa kwa nguvu.

"Baba, tumekutafuta sana! Haya magari yalipigwa mnada zamani, ninyi mkanunua, mkayaacha hapa mpaka leo. Kila niliyemfuata anasema si yangu, mimi niliuza kwa fulani, na fulani anasema aliuza kwa fulani. Hakuna anayetaka kusikia gharama ya maegesho. Ni miaka mingi mno, baba, zimekuwa milima. Lakini wewe umejitokeza mwenyewe, na nyaraka zako. Watu waaminifu bado wapo."

Melkiori akaonyesha shata kwa kidole. "Na fidia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Fidia ya nini?"

"X. Si mmepiga X za kijani?"

Yule mama akayatazama magari, akamtazama Melkiori. "Sisi hatujapiga X yoyote. Hii rangi umepaka wewe? Basi na ya kuifuta utalipia, eneo liachwe safi. Vijana, fungeni winchi, mwenyewe yupo."

"Mama, subiri! Haya magari si yangu!"

"Umesema sasa hivi ni yako."

"Nilidanganya! Mama, nisikilize. Mimi ni tapeli. Naapa kwa mama mzazi. Niliyauza haya magari kwa watu wakati si yangu, niliwaambia ni fremu, halafu nikayanunua tena. Nenda Kariakoo kaulize mtu yeyote. Nenda kwa Abdulhadi wa vifaa vya ujenzi, muulize!"

Ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno, na Melkiori aliisema kwa uchungu wa mtu ambaye hajawahi kuitumia kabla. Athanas alikuwa ameshakaa kwenye kivuli, akitafuna chapati aliyoinunua kwa hela yake.

"Baba," alisema yule mama kwa upole, akitoa kalamu kifuani, "kila mtu akisikia gharama za maegesho hugeuka tapeli. Matapeli hawana mikataba iliyonyooka hivi. Weka sahihi hapa."